Wasomaji wa Vipele

Januari hii ziwa Medicine, hapa Plymouth, Minnesota, limeganda hadi watu wanaegesha magari juu yake. Wanatoboa barafu, wanatumbukiza ndoana, kisha wanakaa kwenye vibanda vyao wakinywa kahawa kana kwamba wako sebuleni. Nje ya dirisha langu hakuna jani hata moja la kijani. Kipimajoto kinasema nyuzi 25 chini ya sifuri, na mjomba wangu wa Njoro, Kenya, tunapoongea kwa simu, hukataa katakata kuiamini nambari hiyo. "Mjomba," huniambia, maana sisi huitana hivyo pande zote mbili, "hiyo si baridi tena, hiyo ni friza."

Friza hiyo ina kazi yake. Kutoka hapa, barabara zikiwa zimemwagwa chumvi, ni mwendo wa nusu saa hivi kwa gari hadi Saint Paul, kwenye kampasi ya kilimo ya Chuo Kikuu cha Minnesota. Humo mna Maabara ya Magonjwa ya Nafaka ya Idara ya Kilimo ya Marekani. Kwa desturi ya miaka mingi, maabara hiyo hushughulikia kutu hai ya ngano kutoka nchi za nje katika miezi ya theluji tu, Desemba hadi mwisho wa Februari. Ndani kuna milango ya kujifunga, vichujio vya hewa na mavazi ya kubadilisha. Lakini kufuli ya mwisho iko nje. Spora moja ikiponyoka mwezi huu itakuta theluji. Hakuna shina la ngano la kuishikilia kwa mamia ya kilomita. Mimi hulalamikia baridi hii kila siku, na nilipopata habari kwamba kuna watu wanaoisubiri ili waanze kazi, niliona haya kidogo.

Mkulima wa Njoro au Narok hahitaji kuelezwa kutu ya shina ni nini. Ukipita katikati ya ngano iliyoshikwa, suruali hutoka nyekundu kama umeshinda kwenye tanuri la matofali. Vumbi hilo ndilo spora zenyewe, mbegu za kuvu, ndogo kiasi kwamba ukizipanga 40 hivi kwa mstari utapata milimita moja. Kila kipele kwenye shina hutoa maelfu kwa siku, na upepo ukizibeba zaweza kuvuka bahari. Shina hukatika katikati, punje husinyaa, na shamba lililokuwa likingoja mashine ya kuvuna huwa limebaki malisho ya mbuzi.

Mwaka 1998, katika mashamba ya majaribio ya Kalengyere, nyanda za juu za kusini-magharibi mwa Uganda, mtafiti William Wagoire aliona vipele mahali ambapo havikutarajiwa: juu ya ngano iliyobeba jeni ya kinga iitwayo Sr31. Jeni hiyo ilihamishwa kutoka kwa nafaka ya rai, binamu wa ngano, na kwa miongo kadhaa ilikuwa imelinda mashamba ya mabara mengi. Zacharias Pretorius na wenzake wa Afrika Kusini waliipima kutu ile mwaka uliofuata, na jina likaganda: Ug99, Ug ya Uganda na 99 ya mwaka. Baada ya muda mfupi ilikuwa Kenya. Mwaka 2005 Norman Borlaug, aliyesomea shahada yake ya udaktari hapa hapa Minnesota na kupata Nobeli ya Amani kwa ajili ya ngano, alikwenda Kenya akiwa na miaka 91 kuitahadharisha dunia.

Simulizi hiyo imeandikwa sana, aghalabu kwa sauti ya king'ora. Mimi kinachonivuta ni swali dogo: mtu hujuaje kwamba kutu aliyoishika mkononi ni hii na si ile? Kwa macho zote ni vumbi jekundu. Hata darubini haitakusaidia, kwa maana mbari moja ya kutu na nyingine hufanana kama punje za mchele wa gunia moja. Tofauti yao ni kile zinachoweza kula. Kwa hiyo njia ya kuijua kutu ni kuiandalia chakula na kutazama imekula nini.

Bahasha inapofika kutoka Njoro, ndani mna vipande vya mashina vilivyokaushwa na kufungwa kwa karatasi. Nailoni haifai, kwa kuwa unyevu ukinaswa ndani huozesha kila kitu kabla ndege haijavuka Atlantiki. Mashina yamekauka kama makuti ya paa, lakini baadhi ya spora zilizo juu yake bado zina uhai, na kazi ya kwanza ni kuziamsha kwa upole. Zile zilizohifadhiwa kwenye baridi ya nyuzi 80 chini ya sifuri huamshwa kwa mshtuko: chupa yake huzamishwa kwenye maji ya nyuzi 45 kwa dakika 15 hivi, halafu spora huachwa mahali penye unyevu zinywe taratibu. Ukizinywesha kwa pupa hufa.

Kisha huingia kapsuli, za aina ile ile tunayomezea dawa. Spora hutiwa ndani ya nusu ya kapsuli tupu ya jelatini, huongezewa matone ya mafuta mepesi, na kupuliziwa juu ya miche ya ngano ya siku 7 hadi 9, ambayo imekunjua jani moja tu. Mafuta huachwa yakauke. Usiku miche hufungiwa kwenye chumba cha giza chenye ukungu wa maji, ipate umande wa kulazimishwa. Humo gizani spora inachipua, inatambaza uzi wake juu ya jani ikitafuta mlango, yaani kitundu ambacho jani hupumulia. Ikikifikia hutulia juu yake na kungoja. Hapo kutu ya shina ina tabia ambayo sijachoka kuistaajabia: haingii ndani mpaka ione mwanga. Kutu ya majani, ndugu yake, huingia gizani kama mwizi. Hii ya shina hungoja kupambazuke. Kwa hiyo asubuhi taa huwashwa umande ukiwa bado haujakauka, kwa saa tatu nne, na jani huachwa likauke polepole. Ukikosea saa hizo chache, wiki mbili baadaye miche yote itakuwa safi, na utaandika kwamba ngano ni shujaa kumbe wewe ndiye uliyelala.

Na hapo kazi haijaanza hasa. Shina moja laweza kuwa limebeba mbari mbili au tatu kwa pamoja, kila moja na ulafi wake. Ukizipima zikiwa zimechanganyika utapata jawabu la uongo, kama daktari anayepima damu ya watu watatu katika kichupa kimoja. Ndiyo maana hutafutwa kipele kimoja. Majani mengine hukatwa, vipele jirani huondolewa, na kile kimoja kilichobaki hukingwa, spora zake hufyonzwa kwa kibomba hadi ndani ya kapsuli mpya, kisha hupuliziwa kwenye miche mipya. Wiki mbili tena. Ikibidi hurudiwa. Kwa kazi ambayo msimu wake ni miezi mitatu, kusubiri mara mbili wiki mbili ni gharama kubwa, na bado hakuna anayeruka hatua hiyo.

Baada ya hapo ndipo meza huandaliwa: aina 20 za ngano, kila moja ikiwa na jeni ya kinga inayojulikana. Siku ya 14 hivi msomaji huketi mbele ya trei, hushika jani kwa vidole viwili, huligeuza kwenye mwanga, na kutamka alama. Sifuri, hakuna kinachoonekana. Nukta-mkato, ile ile tunayoitumia katika uandishi, ni vidoa vidogo mahali ambapo seli za jani zimejiua ili kuvu ife njaa. Moja ni kipele kidogo sana kilichozingirwa na kifo. Mbili ni kipele cha kiasi, mara nyingi ndani ya kisiwa cha kijani chenye ufuo wa manjano. Tatu kimenawiri. Nne ni kipele kikubwa kilichopasua ngozi ya jani na kumwaga vumbi bila kizuizi chochote. Hadi mbili, ngano imejikinga. Tatu na nne, imeshindwa. Kila tarakimu yaweza kuongezewa jumlisha au kutoa kwa wenye jicho kali. Kipimo hiki kilitengenezwa hapa Minnesota na watafiti Stakman na Levine, waliochapisha ufunguo wao mwaka 1922 wakitumia aina 12 za ngano. Miaka zaidi ya mia imepita na bado wanafunzi hufundishwa alama hizo hizo.

Ipo pia X, ambayo mimi naipenda kuliko zote. X huandikwa pale jani moja linapokuwa na vipele vikubwa, vidogo na vidoa vya kifo vyote kwa pamoja. Kuna jeni ambazo kwa kweli hujibu hivyo. Lakini jani la namna hiyo laweza vilevile kuwa dalili kwamba mbari nyingine imepenya kwenye sampuli. Msomaji lazima aamue: je, hii ni tabia ya ngano au ni uchafu wa mkono wangu? Joto nalo hudanganya. Jeni Sr6 hukinga vizuri kwenye ubaridi wa nyuzi 18 hadi 20. Joto la nyumba ya vioo likipanda kufikia 26, jeni hiyo hulegea kabisa, na asiyechunga kipimajoto atatangaza mbari mpya ambayo haipo. Mbari mpya ikitangazwa, nchi nzima zaweza kubadilisha mbegu. Ndiyo maana wanaosoma vipele si wepesi wa kusema.

Majibu ya miche 20 hukunjwa kuwa herufi tano. Miche hupangwa makundi matano ya minne. Kundi likijikinga lote, andika B. Likiugua lote, andika T. Na kwa kila mchanganyiko wa katikati kuna herufi yake, jumla 16. Irabu hazimo. Kwangu mimi Mswahili jina lisilo na irabu ni chai isiyo na sukari, lakini nimejifunza kulinywa. TTKSK, jina rasmi la Ug99, husomwa hivi: kundi la kwanza limeanguka lote, la pili limeanguka lote, la tatu limebakiza Sr36 tu, la nne limebakiza SrTmp, la tano limebakiza Sr24, na hapo ndani ya kundi la tano Sr31 imo miongoni mwa walioanguka. Herufi tano, na nyuma ya kila moja kuna majani ambayo mtu aliyashika na kuyatazama.

Ripoti ya mwaka 2006 iliyotambulisha kuenea kwa kutu hiyo Afrika Mashariki iliandikwa na mtafiti Ruth Wanyera wa Njoro pamoja na wenzake, akiwemo Yue Jin wa maabara ya Saint Paul. Wakati ule jina lilikuwa na herufi nne tu, TTKS. Kundi la tano lilikuwa bado halijaongezwa kwenye mfumo. Liliongezwa baadaye kwa sababu ya kutu hii yenyewe: iligeuka mbele ya macho yao, na mfumo wa zamani haukuwa na mahali pa kuandika badiliko hilo. Mwaka 2006 ilipatikana Kenya mbari iliyofanana na ile ya kwanza kwa kila jani isipokuwa moja, Sr24. K ya mwisho ikawa T. TTKST.

Badiliko hilo la herufi moja mjomba analijua kwa jina jingine. Alikuwa amepanda Mwamba, mbegu iliyopendwa sana na wakulima wa ngano wa Kenya miaka ile, na kinga ya Mwamba ilitegemea Sr24. Mwaka 2007 mwamba ulipasuliwa na vumbi. Nilipomweleza habari ya K na T alinyamaza kidogo, akasema: "Kwa hiyo wao huko waliiona kwenye jani moja la mche, na mimi nikaiona kwenye ekari kumi na mbili." Sikuwa na la kuongeza. Mwaka huo huo 2007 ilionekana nyingine iliyoiangusha Sr36, ndiyo TTTSK, na mwaka 2014 zikapatikana zilizoishinda SrTmp pia. Ukizipanga herufi hizo kwa miaka utaona kutu ikipita kwenye orodha ya jeni kama mtu anayejaribu funguo mlangoni, mmoja baada ya mwingine.

Siku hizi watu hudhani kazi hii imechukuliwa na mashine za kusoma vinasaba. Kweli mashine zimeingia. Sampuli iliyouawa kwa dawa, isiyoweza kumwambukiza yeyote, yaweza kusafirishwa mwezi wowote na vipimo vya vinasaba vikaonyesha kama ni ya ukoo wa Ug99. Mwaka 2011 ilichapishwa jenomu ya kutu ya shina, herufi za vinasaba zipatazo milioni 89. Tazama lakini kutu iliyosomwa: inaitwa CRL 75-36-700-3. CRL ni jina la zamani la maabara hii ya Saint Paul, na 75 ni mwaka 1975. Mtu aliitenga kutu hiyo ikiwa safi, akaiweka kwenye baridi kali, akaandika lebo inayosomeka, na miaka 36 baadaye ikawa na kazi ambayo wakati wa kuihifadhi haikuwa hata na jina.

Vilevile na jeni Sr35, iliyotoka kwa ngano ya kale ya einkorn na inayoizuia Ug99, ambayo mfuatano wake ulipatikana mwaka 2013. Ili kujua ni kitu gani cha kutu ambacho Sr35 hukitambua, watafiti wa Kansas na wenzao walizitia spora dawa ya kuvuruga vinasaba, wakazipulizia kwenye ngano yenye Sr35, kisha wakatazama majani yaliyotakiwa kuwa safi wakingoja kipele kitokee. Kila kipele kilichotokea kilikuwa kutu iliyopoteza kitu. Mashine ikasoma vinasaba vya kutu hizo na kukuta zimeharibika jeni moja ile ile. Hayo yalichapishwa mwaka 2017. Mashine ilisoma mamilioni ya herufi. Lakini ni jicho lililoiambia isome wapi.

Jambo lililonishika koo zaidi ni la mwaka 2019. Seli ya kutu ina viini viwili visivyoungana, kama wake wenza katika boma moja, kila mmoja na jiko lake. Kwa muda mrefu wataalamu waliamini kwamba mbari mpya kabisa huzaliwa hasa kwenye kichaka cha miiba kiitwacho baberi, ambako kutu hufanya ndoa yake halisi na kuchanganya urithi. Na kwa kuwa kichaka hicho pia huanzisha maambukizi mapya ya kutu kila mwaka, kuanzia mwaka 1918, Minnesota na majimbo jirani yalituma watu kung'oa baberi shamba kwa shamba, hata watoto wa shule wakapewa nishani kwa kuifichua. Kazi hiyo ilisaidia sana, na siidharau. Lakini wanasayansi, baadhi yao wa Chuo Kikuu cha Minnesota, walipotenganisha vinasaba vya viini viwili vya Ug99, walikuta kimoja ni kile kile cha mbari ya zamani, ya 21, iliyojulikana kusini mwa Afrika tangu miaka ya 1920. Kile kile kizima, bila kuchanganyika. Yaani kutu mbili zilikutana kwenye jani la ngano, nyuzi zao zikagusana, na mke mwenza mmoja akahamia boma jingine na vyombo vyake vyote, hakuacha hata mwiko. Kichaka hakikuhitajika. Na waliweza kuliona hilo kwa sababu mbari hiyo ya 21 ilikuwa ingali hai mahali: ilikusanywa Australia mwaka 1954 na kutunzwa ikiwa safi.

Mwishoni mwa Februari milango ya msimu hufungwa. Spora zinazostahili kuhifadhiwa huwekwa kwenye baridi kali na lebo zao. Vyungu, udongo na miche huingizwa kwenye mvuke wa moto hadi kila kilicho hai kife. Katika miche ile 20, wa mwisho katika kundi la mwisho ni wa aina iitwayo McNair 701. Huyu kinga yake haifui dafu karibu mbele ya kutu yoyote. Huwekwa pale augue. Akiwa na vipele vikubwa, msomaji anajua umande ulikuwa umande, taa ziliwashwa kwa wakati, spora zilikuwa hai, na usafi wa majani mengine una maana. Akiwa msafi, trei nzima hutupwa na wiki mbili zimepotea.

Nilimsimulia mjomba hayo Jumapili iliyopita. Aliuliza, kama mkulima yeyote, wanavuna magunia mangapi.

"Hawavuni, mjomba. Wanatazama jani la kwanza tu, halafu wanaichoma yote kwa mvuke."

"Hata punje moja?"

"Hata punje."

Nilisikia kuku wake nyuma ya simu, na mtu akiita ng'ombe.

"Na huyo mgonjwa wao, huyo McNair?"

"Humpanda tena Desemba."